Barbara McClintock: Aliyesoma siri za jeni kwenye punje za mahindi

UKIPITA stejini jioni na kusimama kwa mama anayechoma mahindi, mara moja moja utapewa hindi lenye punje mbili tatu za rangi ya ajabu. Moja ya zambarau, nyingine ina madoadoa kana kwamba mtu ameirushia wino. Wengi wetu tunapaka ndimu na pilipili, tunatafuna, tunapanda matatu na maisha yanaendelea.

Barbara McClintock hangetafuna. Punje ya aina hiyo angeikagua doa kwa doa, aone lipi kubwa na lipi dogo, kisha angetafuta mbegu mwenzake aipande na kungoja msimu mzima aone uzao wake utakuwaje.

Kwa kufanya hivyo mwaka baada ya mwaka, mwanamke huyo Mmarekani aligundua kitu ambacho wanasayansi wengi wa enzi zake hawakukitarajia: kwamba ndani ya seli kuna vipande vya DNA vinavyohama kutoka mahali pamoja hadi pengine, na kwamba vikitua kwenye jeni au karibu nayo, vinaweza kuizima au kuiwasha.

Alipowaeleza wenzake habari hiyo alikuwa anakaribia miaka 50. Alipopewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake, alikuwa na miaka 81. Hapo katikati kuna zaidi ya miaka 30. Kama umewahi kujiuliza iwapo kazi unayoifanya kwa bidii itawahi kuonekana na mtu, basi miaka hiyo 30 ni yako kuisoma.

Mama alihofia atakosa mume

Alizaliwa Juni 16, 1902 mjini Hartford, jimbo la Connecticut, mtoto wa tatu kati ya wanne. Kwanza wazazi walimwita Eleanor. Baada ya muda waliona jina hilo ni laini mno kwa mtoto mwenye msimamo kama huyo, wakambadilishia. Akawa Barbara.

Baba yake alikuwa daktari, lakini wagonjwa wa kumlipa hawakuwa wengi mwanzoni. Ili kupunguza mzigo nyumbani, Barbara aliishi kwa vipindi na shangazi yake na mumewe kule Brooklyn, New York. Baadaye familia nzima ilihamia huko, naye akamalizia shule ya upili hapo mnamo 1919.

Akataka kwenda chuo kikuu. Mama akakataa. Si kwamba msichana hakuwa na akili. Shida ilikuwa kwamba akisoma sana, nani atamwoa? Tusicheke sana, maana hadi leo kuna nyumba ambamo maneno hayo husemwa mezani.

Kilichomwokoa ni kurudi kwa baba, ambaye alikuwa ametumwa Ulaya kama daktari wa jeshi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mzee alichukua upande wa binti yake, na mwaka huo huo Barbara akajiunga na kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Cornell.

Huko hakuwa mtu wa kujifungia na vitabu tu. Alipiga banjo, ala ya nyuzi inayokaribiana na gitaa, katika bendi ya jazi. Ila usiku wa muziki na asubuhi ya masomo havikupatana, na mwishowe banjo ndiyo iliyoachwa. Alipata shahada ya kwanza 1923, ya uzamili 1925 na ya uzamifu 1927. Hakuolewa, wala hakuonyesha kujutia.

Kwa nini mahindi?

Sasa, mbona mahindi? Hebu fikiria hivi. Kila punje kwenye hindi ni mtoto anayejitegemea. Kila moja ilitungwa kwa chembe yake ya chavua iliyoteremka kupitia uzi mmoja wa zile nywele za hindi. Kwa hivyo hindi moja ni familia ya mamia ya ndugu waliopangwa kwa mistari, na rangi ya kila mmoja unaiona kwa macho.

McClintock aliongeza kitu kimoja: hadubini. Alijifunza kupaka rangi na kukandamiza seli za mahindi kwenye kioo hadi kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, zionekane wazi. Kufikia 1929 alikuwa ametambua kromosomu zote 10 za mahindi kwa umbo la kila moja, kama mchungaji anayewajua ng'ombe wake kwa pembe na mabaka.

Mwaka wa 1931, yeye na mwanafunzi aliyekuwa akimwongoza, Harriet Creighton, walitoa ushahidi uliotikisa taaluma yao. Walionyesha kwamba sifa za mzazi zinapochanganyika upya kwa mtoto, kromosomu zenyewe zimekatana na kubadilishana vipande. Ndiyo maana wewe na ndugu yako mna wazazi wale wale lakini hamfanani kama sarafu mbili.

Alikuwa na miaka 29. Mwanamume mwenye kazi kama hiyo angetarajia kupata kiti cha kudumu chuoni. Yeye aliishi kwa ufadhili wa muda, akihamahama kati ya Cornell, Missouri na California.

Mwishoni mwa 1933 alikwenda Ujerumani kwa ufadhili, akakuta Wanazi wameshashika hatamu na wanasayansi Wayahudi wanafukuzwa kazini. Akarudi nyumbani mapema. Mwaka wa 1936 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Missouri, lakini baada ya miaka mitano aliona hana mustakabali hapo, akaondoka bila kujua anakokwenda.

Mwaka huo wa 1941 alipata nafasi Cold Spring Harbor, kituo cha utafiti kilicho pwani ya Long Island, New York. Hapo alipata vitu viwili alivyotaka: shamba dogo la mahindi, na watu wa kumwacha afanye kazi yake. Alikaa hapo hadi mwisho wa maisha yake.

Jani lililomfungua macho

Kuanzia 1944 alikuwa akichunguza mahindi ambayo kromosomu yake ya tisa ilikuwa na tabia ya kukatika. Kwenye majani ya miche yake aliona mabaka na mistari ya rangi. Mtu mwingine angesema ni ugonjwa tu, ang'oe, apande mingine.

Yeye alitulia akatazama. Akaona jani lenye mabaka mawili yaliyopakana: moja lilikuwa na mistari mingi kuliko kawaida, jirani yake lilikuwa na michache. Mabaka hayo yalitokana na seli mbili pacha, zilizozaliwa na seli moja. Akafikia wazo kwamba seli moja imepata kile ambacho pacha wake amekipoteza. Kitu kimehama.

Ilimchukua miaka mingine kadhaa ya kupanda, kuchavusha kwa mkono, kufunika kwa mifuko ya karatasi na kuhesabu punje ili kujua ni kitu gani. Alipata vipande viwili, akaviita Ds na Ac kwa kifupi. Ds ndicho kilichokuwa kikikata kromosomu, lakini hakikuweza kufanya lolote bila Ac kuwepo ndani ya seli. Na vyote viwili viliweza kuhama.

Tuchukue mfano wa jikoni. Jeni ni kama maelekezo ya kupika chapati yaliyoandikwa kwenye daftari. Siku moja karatasi ya tangazo inajipachika katikati ya maelekezo hayo, baada tu ya kutia unga na maji. Mpishi anafika hapo anakwama. Chapati hakuna.

Ndivyo Ds ilivyofanya ilipotua ndani ya jeni inayotengeneza rangi ya punje. Rangi ikazimika, punje ikawa nyeupe. Lakini wakati punje inakua, katika baadhi ya seli karatasi ile hubanduka na kuondoka. Maelekezo yanasomeka tena, rangi inarudi, na seli zote zinazozaliwa kutokana na seli hiyo zinakuwa za zambarau. Hilo ndilo doa.

Kumbe hata ukubwa wa doa ni habari. Kipande kikiondoka mapema, punje ikiwa bado changa, seli hiyo itazaa nyingine nyingi na doa litakuwa kubwa. Kikichelewa, doa litakuwa kama kichwa cha pini. McClintock alisoma punje kama wengine wanavyosoma saa.

Ukumbi ulionyamaza

Alichapisha muhtasari wa matokeo yake 1950. Mwaka uliofuata aliwasilisha kazi hiyo kwenye kongamano kubwa hapo hapo Cold Spring Harbor. Kumbuka wakati huo umbo la DNA lenyewe lilikuwa halijajulikana. Lilikuja kuelezwa 1953. Picha iliyokuwa akilini mwa watu ni kwamba jeni zimepangwa kwenye kromosomu kama shanga kwenye uzi, kila moja mahali pake.

Wengi ukumbini walitoka bila kuelewa, na baadhi hawakuamini. Maelezo yake yalikuwa mazito, yamejaa misalaba ya mimea ambayo ni mtaalamu wa mahindi tu angeifuata.

Hapa hadithi hii huongezwa chumvi. Husimuliwa kana kwamba alikuwa mtu wa pembeni asiyejulikana, aliyechekwa hadi akafukuzwa. Sivyo. Mwaka wa 1944 alikuwa amechaguliwa katika Chuo cha Kitaifa cha Sayansi cha Marekani, mwanamke wa tatu kuingia humo. Mwaka wa 1945 aliongoza chama cha wanajenetiki wa nchi hiyo, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho. Na muda mfupi baada ya kongamano, wataalamu wengine wa mahindi waliona vipande vinavyohama kwenye mimea yao wenyewe.

Kilichokwama ni hatua ya pili. Wengi walidhani ni kioja cha mahindi tu, hakihusu viumbe vingine. Na hoja aliyoithamini zaidi yeye, kwamba vipande hivi vinahusika na kudhibiti jeni, ndiyo iliyopuuzwa. Mtu anaweza kuheshimiwa na bado asisikizwe. Pengine hilo linauma zaidi kuliko kuchekwa.

Tangu katikati ya miaka ya 1950 alipunguza kuchapisha matokeo yake kwenye majarida makubwa. Lakini hakuacha kazi. Aliendelea kupanda, kuchunguza, na kuandika ripoti za kila mwaka kwa taasisi iliyomwajiri. Daftari zake zilijaa kama kawaida.

Tena akaanza kazi nyingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo alisafiri Amerika ya Kusini na ya Kati kuchunguza mahindi ya kienyeji ya wakulima wa huko, akifuata alama za kromosomu ili kujua jinsi zao hilo lilivyosambazwa na binadamu kutoka eneo hadi eneo. Alisaidia kuwafunza wanasayansi vijana wa nchi hizo, na kazi hiyo ilitoka kama kitabu mwaka wa 1981.

Dunia yamfikia

Mwaka wa 1961 wanasayansi wawili Wafaransa, François Jacob na Jacques Monod, walieleza jinsi jeni za bakteria zinavyowashwa na kuzimwa. McClintock alifurahi, akaandika haraka makala kuonyesha mfanano na alichokiona kwenye mahindi.

Kisha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mambo yakafunguka. Vipande vinavyohama vikapatikana kwenye bakteria. Baadaye vikaonekana kwenye hamira, kwenye nzi wa matunda, na hatimaye kwa binadamu. Kioja cha mahindi kikawa kanuni ya viumbe hai. Vipande hivyo siku hizi huitwa transposoni.

Oktoba 1983, McClintock alisikia kwenye redio kwamba ameshinda Tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuwa na simu nyumbani, kwa hivyo wa kumpigia hakuwepo. Alipewa tuzo hiyo peke yake bila kugawana na mtu. Hadi leo hakuna mwanamke mwingine aliyepata tuzo ya tiba kwa namna hiyo.

Alifariki Septemba 2, 1992 akiwa na miaka 90.

Na wewe unahusikaje?

Miaka tisa baada ya kifo chake, mwaka wa 2001, rasimu ya kwanza ya jenomu ya binadamu, yaani DNA yetu yote, ilichapishwa. Ina herufi takriban bilioni 3. Sehemu yenye maelekezo ya kutengeneza protini haifiki asilimia 2. Karibu nusu ya yote ni vipande vinavyojirudia, vingi vikiwa transposoni au mabaki yake.

Kimoja kiitwacho Alu kina herufi kama 300 tu, lakini kimenakiliwa zaidi ya mara milioni moja ndani yako. Ukienda kwa mahindi yenyewe, takriban asilimia 85 ya DNA yake ni transposoni.

Kwa muda mrefu wengine waliita sehemu hizi takataka. Nyingi kweli zimekufa, hazihami tena wala hazina kazi inayojulikana. Zile chache zilizo hai zinaweza kuleta madhara: mwaka wa 1988 watafiti walieleza visa vya hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, vilivyosababishwa na kipande kilichojipachika ndani ya jeni ya kugandisha damu. Ndiyo maana seli zako hutumia nguvu kuvifunga vipande hivi visiamke.

Lakini mengine yamegeuzwa kuwa mali. Kinga yako ya mwili huunda aina nyingi mno za kingamwili kwa kukata na kuunganisha upya jeni, na mkasi unaotumika ulitokana na transposoni ya zamani sana. Kondo lililokulisha tumboni mwa mama yako linahitaji protini iliyotokana na virusi vilivyojinakili ndani ya DNA ya mababu zetu wa mbali mno, vikabaki humo.

Kumbuka pia kwamba kipande kinapohama hubeba swichi zake. Kikitua jirani na jeni, jeni hiyo inaweza kuanza kutii swichi ngeni. Kuna machungwa ya Sicily yenye nyama nyekundu kama damu. Wekundu huo unatokana na transposoni iliyokaa kando ya jeni ya rangi, na baridi ndiyo huiamsha. McClintock, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa akisisitiza jambo hilo hilo: kwamba mazingira yanapokuwa magumu, jenomu huweza kutikisika na kujipanga upya.

Na ugali wako je? Mmea wa porini uliozaa mahindi, teosinti ya Mexico, ni kichaka chenye matawi mengi na masuke madogo. Zamani za kale, transposoni moja ilitua mbali kidogo na jeni inayozuia matawi, ikaifanya ifanye kazi kwa nguvu zaidi. Shina likawa moja, limesimama wima. Wakulima waliochagua mbegu za mimea ya aina hiyo, miaka kama 9,000 iliyopita, ndio waliotuanzishia shamba la mahindi tunalolijua.

Je, McClintock alipatia kila kitu? La. Aliamini kwamba vipande hivi ndivyo vinavyoongoza ukuaji wa kawaida wa kiumbe, hatua kwa hatua, tangu seli ya kwanza. Wataalamu wengi leo hawakubaliani na hilo. Udhibiti wa kila siku hufanywa zaidi na mifumo mingine. Alichopatia ni kwamba vipande hivi vinahama, vinagusa jeni za jirani, na kwa muda mrefu vinaisukuma DNA kupata sura mpya.

Watu humsifu kwa uvumilivu, na wana haki. Lakini uvumilivu peke yake ungemfanya mtu mkaidi tu. Kilichomlinda ni kwamba kila mwaka alirudi shambani kuuliza mahindi kama bado anasema kweli, na kila mwaka mahindi yakamjibu kwa rangi.

Kwa hivyo siku ukipata punje yenye madoa, usiitafune upesi. Angalia doa kubwa, kisha dogo. Huenda hapo kuna kipande kilichoondoka mapema na kingine kilichochelewa. Ilichukua dunia zaidi ya miaka 30 kukubali kusoma hilo, na wewe umelisoma ukisubiri matatu.